Nyumba ya Kudumu: Makazi na Majina Yake katika Rungwe

Joseph Thomson alipopita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879 alizisifu sana nyumba zao za mianzi katikati ya migomba. Utaratibu wa makazi hayo ulikuja kuelezwa kwa urefu na Monica Wilson katika kitabu chake *Good Company*, kilichochapwa mwaka 1951, baada ya yeye na mumewe Godfrey kufanya utafiti huko katika miaka ya 1930.

Wanyakyusa walikaa pamoja kwa rika, si kwa udugu. Wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao kando, ila chakula waliendelea kula kwa mama zao; na walipooa, wake zao waliletwa mahali hapohapo. Huko kukaa, kuzungumza, kula na kunywa na wenzi wa rika kuliitwa *ukwangala*, neno ambalo halina kifani hasa katika Kiswahili: "ujirani mwema" halilifikii, na "urafiki" hulipita. Wana walipokomaa ilifanywa sherehe ya *ubusoka*, yaani kutoka, ambayo kwayo wazee waliwakabidhi utawala, na ardhi ikagawanywa upya. Usawa kamili haukuwapo, maana wenye ng'ombe wengi walijulikana; lakini kiwanja cha kujengea kilimjia mtu kwa umri wake, wala hakukinunua.

Mambo yaliyouvunja utaratibu huo yalikuwa mengi, na mawili kati yake ni kahawa na tofali. Nyumba ya mianzi huachwa bila majuto makubwa. Mkahawa huzaa miaka mingi, na nyumba ya matofali iliyoezekwa bati haihamishiki. Mtu aliyetia humo fedha za mavuno, au mshahara wa machimbo ya Lupa au ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, hakuona sababu ya kuwapisha vijana. Hivyo nyumba "ya kudumu", ambayo maofisa na wamisionari waliihesabu kuwa dalili ya maendeleo, ilimnyima kijana mahali pake.

Mjini kipimo kilikuwa kingine. Tukuyu, uliokuwa Neu Langenburg wakati wa Wajerumani, ulikuwa mji wa boma; na katika miji ya boma ya Tanganyika rangi ya mtu ndiyo iliyoamua akae wapi. Lugha iliuandika mpango huo kwa umbo moja, kiambishi u- mbele na -ni nyuma: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 majina hayo hayakufa, bali yalihama kutoka rangi hadi kipato. Uzunguni hukaa wakubwa, hata asipokuwapo Mzungu mmoja. Uswahilini ni kwa maskini, wawe Wanyakyusa au Wazaramo. Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927, una Uhindini, una Majengo, na una Mabatini, jina linalotaja paa tu. Tukuyu una kata za Bagamoyo na Msasani, majina ya pwani yaliyopanda hadi chini ya Mlima Rungwe, karibu na Makandana na Bulyaga yenye sauti ya kwao.

Serikali ilijaribu kurekebisha. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Na sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lakini hizo zilikuwa dawa za ugonjwa wa Dar es Salaam. Mpangaji wa chumba cha udongo Uswahilini, ambaye mwenye nyumba wake naye alikuwa maskini, hazikumgusa.

Jambo la kutazamwa ni kwamba kitenzi kilekile, kupanga, hutumika kwa ofisa achoraye ramani ya mji na kwa mtu akodiye chumba. Na wapangaji wengi wa miji ya Tanzania hukaa katika mitaa ambayo haikupangwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliwapa wenye nyumba za mitaa hiyo njia ya kupata leseni ya makazi. Leseni hiyo ni ya muda. Ile ya kudumu, yaani hati, hungoja kiwanja kipimwe.