Wakimbizi Walipofika Ngara, Jembe Lilishuka Bei

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Kambi ya Benaco, walikopokelewa, ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Je, wenyeji walipata faida au walikula hasara?

Kwa bahati, Kagera ina majibu. Utafiti wa kaya ulikuwa umeanza mkoani humo mwaka 1991, kabla ya wimbi hilo, na mwaka 2004 watafiti wakazirudia kaya zilezile. Wachumi wakaweza kulinganisha kabla na baada.

Chukua kaya mbili za kijiji kimoja. Ya kwanza ina shamba la migomba na maharage. Ya pili ina kishamba kidogo, na chumvi na sabuni yake hutoka kwenye vibarua: kupalilia na kuvuna kwa watu.

Mkimbizi alipewa mgao wa mahindi, maharage na mafuta. Ndizi na maziwa hakupewa. Ili avipate, ama auze sehemu ya mgao wake, ama ashike jembe akalimie watu. Basi mambo matatu yakatokea kwa pamoja. Ndizi na maziwa vikapanda bei sana. Mahindi yakapanda kidogo tu, kwa kuwa mgao ulikuwa ukiuzwa sokoni. Na mikono ya kukodi ikajaa.

Kaya ya kwanza ikauza mkungu kwa bei nzuri na kulimiwa kwa ujira mdogo. Kaya ya pili ikanunua ndizi kwa bei ya juu huku kibarua chake kikigombewa. Kuna waliogeukia vishamba vyao na mifugo yao wenyewe, kwa kuwa kazi ya kuajiriwa ilikuwa imebana. Mjini nako, aliyenunua kila anachokula aliumia.

Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Hesabu ikapinduka: aliyepanua shamba kwa kutegemea vibarua wa kambini akabaki na magugu mengi kuliko mikono. Hata hivyo, barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya misafara ya misaada zilibaki, na utafiti wa baadaye umezitaja kuwa sababu kubwa ya kaya za maeneo hayo kuendelea kunufaika miaka mingi baada ya kambi kufungwa.

Kwa kuwa kaya zile mbili hazikupata sawa, wastani wa wilaya nzima hudanganya. Ukijumlisha mwenye migomba na mwenye jembe tupu, utaona faida, nayo ni ya kweli. Lakini mwenye jembe hali wastani. Anayepanga misaada kwa vijiji jirani na kambi aulize kwanza kila kaya inauza nini: mazao au nguvu zake. Inayouza nguvu zake ndiyo ya kuanza nayo.