Antony Ndani ya Simu

Ukumbi wa kale wa Epidaurus, Ugiriki, ulibeba watazamaji wapatao 14,000, na waliokaa juu kabisa walikuwa karibu mita 60 kutoka kwa mwigizaji. Sauti inaposambaa hewani bila kizuizi, kila umbali ukizidi mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Mwigizaji anayejirekodi leo yuko nusu mita kutoka kwenye simu. Piga hesabu: kwa umbali peke yake, simu hupokea sauti yenye nguvu mara 14,400 ya ile inayomfikia mtu wa mita 60. Ndiyo maana tamthilia zilizoandikiwa vifua vipana sasa zinanong'onwa TikTok.

Kinachofaidi zaidi ni uzungumzi nafsia. Hamlet wa Shakespeare akiwaza peke yake kama aishi au afe, hahitaji ukumbi. Anahitaji sikio moja, na jicho pia. Mwaka 1976 watafiti Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba midomo tunayoiona hubadili tunachosikia: sauti ya "ba" ikiwekewa picha ya midomo inayotamka "ga", wengi husikia "da". Huko nyuma, 1954, Sumby na Pollack walikuwa wamepima jinsi kumwona msemaji kunavyotusaidia kumwelewa penye kelele. Basi lugha nzito ya miaka 400 iliyopita yaweza kufuatwa hata ndani ya daladala, mradi uso ujaze kioo na maandishi yasifunike midomo.

Hotuba ya Antony katika Juliasi Kaizari, tamthilia nyingine ya Shakespeare, aliyotutafsiria Mwalimu Nyerere, ni jambo jingine kabisa. Antony hasemi na nafsi yake. Anasema na raia wa Roma waliokwisha kumkubali Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, na kila wanapojibu anawapima kabla ya kusonga mbele. Video zinazoyafuta majibu hayo ili kuokoa sekunde zinaua tukio lenyewe, kwa maana mabadiliko ya umati ndiyo mchezo.

Tena hakuna haja ya kuyafuta. Baada ya mistari 35 hivi, yapata dakika mbili, Antony anadai majonzi yamemzidi, ananyamaza, na raia wanaanza kunong'onezana. Shakespeare mwenyewe ameweka mkato hapo. Video na iishie kwenye ukimya huo, kisha watazamaji wajirekodi kwa dueti wakiwa raia, wamjibu, ndipo Antony aendelee.