Presha ya Mimba Haiishi Siku ya Kujifungua

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia presha, yaani shinikizo kubwa la damu, kwa mama mjamzito na kwa mama aliyekwisha kujifungua. Tumechagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, presha ni ugonjwa wa kimya. Mama anaweza kuwa nayo huku anapika, analima na kwenda sokoni kama kawaida. Pili, familia nyingi hufikiri kwamba mtoto akishazaliwa salama hatari imekwisha, kumbe siku zinazofuata ni za kuangaliwa sana.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2025 ilionyesha kwamba takriban asilimia 16 ya vifo vya uzazi duniani huletwa na presha ya mimba. Katika sababu zinazotokana na uzazi wenyewe, kutoka damu nyingi kunaongoza kwa asilimia 27, na presha inafuata. Wengi wa akina mama hao wangeweza kuokolewa kama presha ingegunduliwa mapema na kutibiwa.

Presha hupimwaje?

Muuguzi anapofunga kile kitambaa mkononi, huandika namba mbili kwenye kadi. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu iliyobaki wakati moyo unapopumzika. Kwa mjamzito, ikiwa namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, hiyo ni presha. Kipimo hurudiwa ili kuhakikisha. Ikifika 160 kwa juu au 110 kwa chini, hiyo ni hatari ya papo hapo, na mama hana budi kutibiwa siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupimwa, mama akae apumzike kama dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea na miguu bila kukunjwa. Aliyefika kliniki mbio kwa miguu akapimwa papo hapo anaweza kuonekana ana presha asiyo nayo. Aidha, mama asione haya kuuliza, "Dada, namba zangu ni ngapi leo?" Kadi ni yake na afya ni yake.

Kuna akina mama waliokuwa na presha hata kabla ya kushika mimba. Wengine huipata baada ya wiki ya 20, yaani mimba inapokaribia miezi mitano. Presha hiyo ikiambatana na protini kwenye mkojo, au ikianza kuumiza figo, ini au ubongo, waganga huiita pri-eklampsia. Ndiyo maana kliniki huomba mkojo pia. Mama asidhani anasumbuliwa bure.

Jina linalopotosha

Hali hiyo isipotibiwa, mama anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Tungependa jambo hili lieleweke vizuri, maana jina lenyewe limewapotosha wengi. Kifafa cha mimba si kile kifafa cha kawaida ambacho mtu huishi nacho tangu utoto. Hakitokani na mashetani, wala kurogwa, wala ugomvi wa nyumbani, wala dhambi ya mume au mke. Chanzo chake kimo kwenye kondo la nyuma: mishipa inayopeleka damu huko haikupanuka ipasavyo tangu mwanzo wa mimba, na mwili mzima wa mama hudhurika. Familia inayompeleka mama kwanza kwa mganga wa kienyeji inapoteza saa ambazo hazirudi.

Kila mjamzito anaweza kupatwa, lakini wapo wa kuangaliwa zaidi: mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyevuka miaka 35, mnene kupita kiasi, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, aliyewahi kupata presha katika mimba iliyopita, na yule ambaye mama yake au dada yake aliipata. Mama wa namna hii aende kliniki mapema, mimba ikiwa haijafika miezi mitatu. Mganga anaweza kumwanzishia aspirini ya kipimo kidogo, ambayo hupunguza uwezekano wa pri-eklampsia ikianzwa mapema. Hali kadhalika, mahali ambapo chakula hakina madini ya chokaa ya kutosha, wajawazito hupewa vidonge vya kalsiamu. Lakini hakuna anayepaswa kujinunulia dawa hizi dukani bila kuandikiwa.

Dalili za hatari

Tunaomba familia nzima izijue dalili hizi, si mama peke yake:

- kichwa kuuma sana bila kupoa;
- macho kuona ukungu, giza au vimulimuli;
- maumivu makali chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu;
- uso na mikono kuvimba ghafla;
- kupumua kwa shida;
- mkojo kuwa kidogo sana.

Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi. Lakini uso ukivimba asubuhi, hata pete ikagoma kutoka kidoleni, msiseme ni dalili ya mapacha. Mpelekeni akapimwe.

Mama akipata degedege nyumbani, mlazeni kwa ubavu wa kushoto na ondoeni vitu vinavyoweza kumwumiza. Msimtie kijiko mdomoni, msimkandamize, na msimpe maji wala dawa ya kunywa. Tafuteni usafiri mara moja. Iko sindano ya salfeti ya magnesiamu ambayo huzuia degedege. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba hupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Zahanati yenye dawa hiyo inaweza kumpa kipimo cha kwanza, halafu akapelekwa hospitali.

Tiba kamili ya pri-eklampsia ni mimba kutoka. Mganga hupima umri wa mimba na hali ya mama. Mimba ikiwa imefika wiki 37, kwa kawaida hushauri mama aanzishiwe uchungu. Si lazima apasuliwe, wengi hujifungua kwa njia ya kawaida.

Baada ya mtoto kuzaliwa

Hapa ndipo tunapotaka kukazia. Mama amejifungua, ndugu wamefurahi, na kesho yake au siku ya pili amerudi nyumbani. Dawa zinawekwa kabatini kwa sababu "ugonjwa ulikuwa wa mimba na mimba imetoka." Kumbe presha mara nyingi hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, wakati mama yuko ndani, mbali na kipimo. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea katika siku hizo, na hata mama ambaye hakuwa na presha wakati wa ujauzito anaweza kupatwa. Damu inaweza kuvuja kwenye ubongo na mama akapooza au kufa.

Mila ya kumtunza mzazi ndani kwa siku arobaini ni nzuri, kwani humpa mama mapumziko na chakula cha kumrudishia nguvu. Lakini isiwe kizuizi cha kumtoa kwenda kupimwa. Mzazi akilalamika kichwa, bibi wa mtoto asimpe panadol tu na kusema ni uchovu wa kukesha. Ampeleke akapimwe presha siku hiyo hiyo, na awaambie wahudumu, "Huyu amejifungua juzi." Neno hilo ni muhimu, kwa sababu mama aliyemwacha mtoto nyumbani huonekana kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kila mzazi anapaswa kuonwa na mhudumu wa afya ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya siku ya 2 na ya 3, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Aliyekuwa na presha asikose hata mara moja, na asiondoke hospitali bila kuambiwa siku ya kurudi kupimwa.

Wapo wanaoogopa kwamba dawa za presha zitaharibu maziwa. Ziko dawa za presha zinazofaa kabisa kwa mama anayenyonyesha, kwa hiyo mama asiache dawa wala kunyonyesha kabla ya kumwuliza mganga. Lakini dawa za kundi la kaptopirili na enalapirili hazifai wakati wa ujauzito kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Mwenye presha ya siku zote anayetarajia kushika mimba amwone mganga mapema abadilishiwe. Na kamwe tusiazimane dawa za presha kati ya jirani na jirani.

Baada ya wiki 6 presha kwa wengi huwa imeshuka. Hata hivyo, mama aliyewahi kupata pri-eklampsia ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wenzake wa kupata presha ya kudumu na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele. Basi apimwe walau mara moja kila mwaka, apunguze chumvi na mafuta, ale mboga na matunda, asinenepe kupita kiasi, na katika mimba nyingine aseme mapema yaliyompata.

Baba na jumuiya

Akina baba, kazi hii ni yenu pia. Msindikizeni mama kliniki, someni namba kwenye kadi, wekeni akiba kidogo ya nauli, na mjue ni nani mwenye gari au pikipiki anayeweza kuitwa usiku. Familia ikubaliane mapema nani atakayetoa ruhusa ya kwenda hospitali ikiwa baba yuko safarini. Afadhali ruhusa hiyo itolewe kabla, ili asisubiriwe mtu.

Jumuiya ndogo ndogo nazo zina desturi ya kumtembelea mzazi na kumpelekea sabuni, khanga na unga wa uji. Mkifika, msiishie kumbeba mtoto. Mwulizeni mama, "Kichwa hakikuumi? Macho yanaona vizuri? Umepimwa presha tangu utoke hospitali?" Akijibu kwamba bado hajapimwa, mmoja wenu abaki na kazi za nyumbani, na mwingine amsindikize zahanati pamoja na mtoto wake.