Kiuno chembamba, damu pungufu

Tangu wizara zihamie Mji wa Serikali mwaka 2019, Mtumba, jijini Dodoma, imejaa vibanda vya chipsi, soda na maandazi. Nyuma ya vibanda hivyo, akina mama wa Kigogo bado wanasonga ugali wa uwele na kupika mlenda. Msichana wa kidato cha pili anapita kati ya majiko hayo kila siku, na mara nyingi anapita na njaa.

Kwangu mimi tatizo linaanzia kwenye njaa hiyo, kabla ya kufika kwenye kilo. Binti anatoka alfajiri na chai ya rangi, au bila chochote. Wakati wa mapumziko anajishikiza kwa andazi na ubuyu wa rangi. Wazazi wakiwa wamechangia chakula cha shule, mchana atapata makande. Wasipochanga, atangoja jioni, na jioni atakula kwa pupa. Kisha shangazi atamwambia, "Mbona umenenepa hivyo!" Mwezi ujao jirani atamwambia amekonda. Tunasalimiana hivyo bila nia mbaya, lakini mtoto wa miaka 14 hasahau. Wapo wanaoanza kuruka mlo wa usiku ili wapungue, na wapo wanaonunua majani ya kupunguza mwili, ambayo mengine ni dawa za kuharisha tu.

Macho yetu yanapima umbo, na umbo halisemi yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na 45 wana upungufu wa damu. Mwaka 2022 wenye upungufu wa damu walikuwa bado 42. Mnene na mwembamba wote wanaweza kuishiwa damu, na msichana aliyeanza hedhi huku bado anarefuka anahitaji madini ya chuma mengi kuliko kaka yake. Isitoshe, uzito wa binti wa miaka 14 haupimwi kwa vipimo vya mtu mzima: unalinganishwa na umri wake, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007.

Inaniuma kusikia mlenda ukiitwa chakula cha kimaskini. Mboga iliyokaushwa juani, ikachemshwa na kuungwa karanga zilizotwangwa, ikaliwa kwa ugali wa uwele wenye chuma kingi kuliko sembe iliyokobolewa, ni mlo wa kujivunia. Unga wa ubuyu usiotiwa rangi wala sukari una vitamini C, inayousaidia mwili kufyonza chuma hicho. Chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kukifyonza.

Binti akilalamika kizunguzungu, au akichoka kwa kutembea kidogo tu, apelekwe kituo cha afya apimwe wingi wa damu. Ni tone moja la kidoleni. Na kwa mzazi ambaye hajachanga chakula cha shule muhula huu, debe la mahindi na kilo chache za maharage ndipo mahali pa kuanzia.