Fedha Zisizodaiwa: Namna ya Kuzitafuta na Kuzidai

Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama kuna sanduku au mfuko wa nailoni unaohifadhi karatasi za mtu aliyekwisha kufariki: kitabu cha benki kilichochakaa, kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, hati za mishahara. Warithi huzitunza kwa heshima ya marehemu bila kujua kwamba baadhi ya karatasi hizo ni ushahidi wa fedha ambazo hazijachukuliwa. Katika makala haya tunaeleza fedha hizo hukaa wapi, nani ana haki ya kuzidai, na hatua zipi zifuatwe.

Zinakokaa

Jirani zetu wa Kenya wana chombo kimoja cha kazi hii, yaani Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa (UFAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mkazi wa Mara aliyewahi kufanya kazi au kuweka akiba upande wa pili wa Sirari anaweza kuulizia huko bila malipo. Kwetu Tanzania, mdai hana budi kwenda kwa taasisi moja baada ya nyingine. Tunazitaja zilizo muhimu.

Ya kwanza ni benki yenyewe. Akaunti isiyotumika kwa muda mrefu huhesabiwa kuwa imelala, na ikiendelea kukaa hivyo kwa miaka mingi fedha zake hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania. Hata zikifika huko, anza katika tawi lilikofunguliwa akaunti, kwa kuwa kumbukumbu za mteja ziko kwenye benki yake. Iwapo benki hiyo iliunganishwa na nyingine, uliza katika benki iliyorithi wateja wake.

Ya pili ni Bodi ya Bima ya Amana. Hii ndiyo inayowalipa wateja wa benki zilizofungwa. Mnamo tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano: Covenant, Efatha, Njombe, Meru, na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Mfanyabiashara wa samaki wa Musoma aliyekuwa akiuza Bukoba na kuweka akiba huko anahusika moja kwa moja. Wakati huo kikomo cha fidia kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja. Tangu mwaka 2023 kikomo ni shilingi 7,500,000, lakini benki zilizofungwa kabla ya hapo hufuata kile cha zamani. Kiasi kinachozidi kikomo hulipwa kutokana na mauzo ya mali za benki iliyofungwa, kwa kadiri zitakavyopatikana.

Ya tatu ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Kadi ya zamani isikukatishe tamaa kwa sababu jina lililoandikwa juu yake halipo tena. NPF iligeuka kuwa NSSF. PPF, PSPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa mwaka 2018 na kuwa PSSSF. Aliyefanya kazi katika shirika la umma, halmashauri, kiwanda au mgodi, na kukatwa mchango hata kwa miaka michache, aulize kama mchango huo upo. Mifuko yote miwili huhudumia wanachama wa Mara katika ofisi zake mjini Musoma.

Iwapo mwenye fedha amefariki

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mfikirie mjane wa Kiabakari aliyekuta kitabu cha benki cha mumewe. Kuwa mke wa marehemu, peke yake, hakutoshi kumpa fedha hizo. Benki humlipa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hatua zake ni hizi:

1. Pata cheti cha kifo kutoka RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya.
2. Ukoo ukae kikao, upendekeze msimamizi, na uandike muhtasari wenye majina na saini za waliohudhuria. Mjane na watoto wa kike ni sehemu ya familia hiyo. Wasiachwe nje ya kikao.
3. Msimamizi aliyependekezwa apeleke maombi mahakamani. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipoishi marehemu. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze.
4. Akiteuliwa, apeleke hati ya uteuzi benki. Ndani ya miezi 4 awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu.

Msimamizi hakabidhiwi mali hiyo kuwa yake. Anaikusanya kwa niaba ya warithi wote, na mrithi yeyote anaweza kumshitaki mahakamani akiitumia peke yake.

Majina na mahali

Kikwazo kikubwa katika mkoa wetu ni majina. Aliyeandikishwa kazini kwa jina la ubatizo na la baba mara nyingi ana jina la ukoo katika kitambulisho cha Taifa, au herufi zimeandikwa kwa namna mbili. Andaa kiapo mbele ya wakili au hakimu kinachoeleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Mahali nako huleta utata: Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012, hivyo nyaraka za kabla ya hapo huandika Musoma Vijijini. Barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji ieleze kwamba ni kijiji kile kile.

Jihadhari

Kuuliza kama una fedha hakuhitaji malipo. Mtu akikupigia simu akisema amezigundua fedha za marehemu baba yako na anahitaji kwanza ada ya kuzifungua, usimtumie hata shilingi, wala usimpe namba ya siri. Usikabidhi nyaraka halisi kwa dalali. Toa nakala, na kila unapowasilisha dai, omba stakabadhi au nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki isipokujibu, andika malalamiko kwa benki hiyo kwanza. Usiporidhika, yapeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunamshauri kila msomaji aandike leo kwenye karatasi moja benki, mfuko, kikundi cha akiba na namba za simu anazotumia kuweka fedha, pasipo kuandika namba za siri, kisha amweleze mtu mmoja anayemwamini mahali karatasi hiyo ilipo.