Je, Wajua? Divai ya Lebanoni Iliyovuka Vita

Je, wajua kwamba Château Musar, divai nyekundu ya ukoo wa Hochar wa Lebanoni, huingia sokoni mwaka wa saba tangu zabibu zake zichumwe?

Gaston Hochar alianzisha kiwanda mwaka 1930 huko Ghazir, kaskazini mwa Beirut. Mizabibu iko ng'ambo ya milima, katika Bonde la Bekaa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1975 hadi 1990, malori ya zabibu yalipita kwenye vizuizi vya wapiganaji ili yafike kiwandani. Hata hivyo, divai ilitengenezwa karibu kila mwaka. Ujasiri huo unastahili heshima.

Huchanganywa zabibu za aina tatu: Cabernet Sauvignon huipa nguvu na ukakasi, Carignan huipa uzito, Cinsault harufu na ulaini. Kila aina huchachushwa peke yake, kisha hukaa kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa kabla ya kuchanganywa.

Ukibahatika kuipata, isimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, kisha imimine taratibu. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe: katikati utaona wekundu, ukingoni rangi ya tofali. Inuse kabla ya kunywa. Utapata cheri zilizoiva, ngozi, viungo, na ukali kidogo wa siki. Baadhi ya waonjaji huuhesabu ukali huo kuwa kasoro. Kwangu, ndio unaoichangamsha divai hii mdomoni.