Bei iliyo kwenye telefone: ni ya leo ao ya juma lililopita?

Ndugu wanachama, tuseme wachuuzi wawili wanafika Punia na pikipiki, wanataka mchele. Mama anayeshika depo anafungua telefone ya koperative, na meza ya bei inatokea mara moja: mchele, mafuta ya mawese, karanga, muhogo mkavu, kila kimoja na bei yake ya Kindu. Lakini rezo hakuna tangu asubuhi. Sasa ile bei imetoka wapi?

Imetoka ndani ya telefone yenyewe. Siku ile ilipopata rezo mara ya mwisho, programu iliomba orodha kwenye mashine ya mbali, ile wanayoita seva, ikaipokea na kuweka kopi. Ni kama karani anayenakili bei za sokoni katika kaye yake. Akirudi kijijini anaweza kuzisoma hata usiku, lakini kaye haijui kama kule sokoni bei zimebadilika.

Walioitengeneza hawakukosea. Kama programu ingengoja rezo kwanza, sisi wa Punia tungekuwa tunatazama tu kioo cheupe na kaduara kanakozunguka. Kwa hiyo inaonyesha kopi kwanza, halafu inauliza seva kimya kimya. Jibu likifika, mistari ya meza inabadilika mbele ya macho yako, na kopi mpya inachukua fasi ya ile ya zamani. Lisipofika, ya zamani inabaki pale, safi kabisa, utadhani ni ya leo.

WhatsApp inafanya vilevile: ujumbe wa zamani unasomeka bila rezo, na ule unaotuma unabaki na alama ya kasaa mpaka rezo irudi. Lakini ukipiga nyota na namba kwa M-Pesa ao Airtel Money, hakuna kopi. Kila mara inauliza upya, ndiyo maana bila rezo haikuambii kitu.

Hasara yake tuihesabu. Kopi iko na siku 10, inasema kilo ya mchele ni 2,000 franka, kumbe Kindu imepanda 2,400 (ni mfano tu). Kwa magunia 4 ya kilo 50, koperative imepoteza 80,000 franka. Na mchuuzi, yeye, pengine alipiga simu Kindu kabla ya kuwasha pikipiki!

Basi kabla ya kutaja bei, tafuta maneno "Dernière mise à jour" na tarehe yake. Lakini angalisho: kuna programu zinazoandika saa uliyofungua meza, si saa bei zilipofika. Ili kujua yenu ni ya namna gani, tia telefone kwenye "Mode avion", ngoja kidogo, fungua meza. Unachoona ni kopi. Kama tarehe imekuwa ya sasa hivi na hakuna rezo, ile tarehe inadanganya. Mwambieni aliyewaletea programu airekebishe. Kisha ondoa "Mode avion", gusa "Actualiser", utazame kama namba zinabadilika.

Nyingine zinabadilisha mstari mmoja mmoja. Rezo ikikatika katikati, mchele ni bei ya leo na karanga ni ya juma lililopita, zote ndani ya meza moja. Hapo inafaa kila mstari uwe na tarehe yake. Kama hauna, pigia simu mtu wa Kindu, hata kwa dakika moja. Uniti hizo hazizidi 80,000.

Kuna na kopi ya upande mwingine: kilo za wanachama ambazo karani ameandika bila rezo, zinazongoja kutumwa. Hizo bado ziko ndani ya telefone tu. Telefone ikijaa, kijana atakushauri ufute. "Vider le cache" kwa kawaida inaondoa vitu vinavyoweza kurudi na rezo. "Effacer les données" inafuta yote, pamoja na kilo ambazo hazijatumwa, na hizo hazirudi. Kaye ya karatasi isitupwe mpaka seva imezipokea.